Jiko la Kambi na Chai ya Baba

Mimi ni fundi wa majiko pale Mlandege, Iringa, na mtu akiniuliza mwanamke kafikaje kwenye kazi hiyo, namjibu kwamba nilifika kwa miguu. Nimetengeneza majiko ya mkaa, ya mafuta ya taa na ya umeme, na miaka hii ambayo kila nyumba inataka gesi, nimekuwa mtu wa gesi. Kazi yangu naijua. Nayasema haya mapema kwa sababu mbele kuna mahali nilipokosea, tena vibaya, na sitaki mtu afike hapo akadhani anasoma habari za mbabaishaji.

Habari yenyewe ni ya baba yangu na chai yake ya asubuhi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Kalenga, na alipostaafu alibaki hapohapo, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga kidogo kidogo. Alikuwa na desturi moja iliyomfanya achekwe kijiji kizima. Tangu amuoe mama, chai ya asubuhi aliichemsha yeye. Mama alipika vyote vingine, lakini ile chai ya maziwa na tangawizi ilikuwa ya baba, na wanaume wenzake walisema amelishwa limbwata. Yeye aliwajibu kwamba afadhali limbwata kuliko kuamka na kungoja kulishwa kama kuku wa banda. Presha ya macho ilipomharibu macho, akabaki anaona mwanga na kivuli tu, hakuiacha chai. Mama alikaa karibu na mafiga akimwelekeza: sogeza kushoto, punguza kuni, inafoka hiyo. Na baba akachemsha.

Kisha mama akafariki.

Tulipoanua matanga, swali la baba atakaa na nani lilikuwa limeshajibiwa na kaka yangu. Kaka ni mhandisi wa barabara, anaishi Uyole, Mbeya, kwenye nyumba yenye vigae mpaka varandani. Alisema ng'ombe haelemewi na nundu yake, akampakia baba kwenye gari, wakaondoka. Simlaumu. Mimi mwenyewe nakaa chumba na sebule, na duka langu limejaa mitungi, ningemweka wapi?

Baada ya mwezi nilikwenda Uyole kumwona. Nilimkuta kwenye kochi, mikono magotini, amekonda. Wifi yangu ni mtu mwema, hana baya hata moja. Chai baba aliletewa, maji ya kuoga aliwekewa, redio aliwashiwa. Nikamuuliza kwa Kihehe, ili tuwe wawili tu, kwamba kuna nini. Akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesoma imla darasani.

"Huku naletewa chai, mama. Kwangu nilikuwa naichemsha."

Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, kisha nikarudi ndani nikamwambia kaka kwamba baba anarudi Kalenga.

Tulibishana, tena si kidogo. Kaka aliniuliza kama nataka baba aungue mbele ya mafiga akiwa peke yake. Nikamwambia mimi ni nani, nauza mchicha? Nitamtengenezea jiko ambalo mtu asiyeona ataliwasha na kulizima bila msaada. Mjane jirani yetu wa Kalenga alishasema tangu matangani kwamba angempikia mchana na kumfulia. Kilichobaki ni asubuhi. Mwisho kaka alikubali kwa sharti moja, akalisema huku ameninyooshea kidole: baba akijiunguza mara moja tu, au akifanya kosa moja la hatari, anakuja na gari na hakuna kikao kingine. Nikamwambia sawa. Nilikuwa najiamini kiasi kwamba nilimpa mkono.

Jiko nililokuwa nalifikiria lilikuwa dukani kwangu siku nyingi, limejaa vumbi. Nililipata Ipogolo, kwa fundi magari mmoja. Wageni waliokuwa wanatoka mbugani Ruaha walimwachia walipomaliza safari yao. Ni jiko la kambi, la bati la kijani, linafungwa kama sanduku dogo. Ukilifungua, mfuniko unasimama nyuma kama ukuta na mabawa mawili ya bati yanasimama pembeni kukinga upepo. Hapo ndipo roho yangu ilipolipenda. Majiko madogo ya hapa kwetu unayafunga juu ya mtungi wenyewe, na sufuria inakaa juu kama mtu aliyepanda kichuguu. Asiyeona akiigusa vibaya inamwagika yote. Lakini hili linakaa chini mezani, na sufuria imezungushiwa bati pande tatu. Baba akipapasa, mkono unakutana na bati kabla ya kukutana na chai ya moto.

Tatizo lilikuwa chakula chake. Lile jiko limetengenezwa linywe gesi ya vikopo vidogo, vinavyotumika mara moja na kutupwa, na vikopo hivyo Iringa nzima havipatikani. Hata vingepatikana nisingevitaka. Sisi huku mtungi ukiisha tunapeleka mtupu, tunachukua uliojaa. Kwa hiyo nilitaka jiko la wageni linywe kwenye mtungi wetu.

Mara ya kwanza nilifanya kama ambavyo fundi yeyote angefanya. Nilifunga regulata ya nyumbani kwenye mtungi, ile inayopunguza nguvu ya gesi, nikaunga mpira mpaka kwenye jiko. Moto ukawaka kama wa mshumaa wa kipaimara. Nilikaa nikalitazama. Kumbe jiko lenyewe lina regulata yake ndogo tumboni, na gesi ilikuwa inapunguzwa mara mbili, kama chai inayochujwa kwa vitambaa viwili. Ilibidi gesi itoke kwenye mtungi na nguvu zake zote, ipite kwenye mpira mgumu wa presha kubwa, ije ipunguzwe na jiko lenyewe. Sasa meno ya koki ya mtungi na meno ya mdomo wa jiko hayafanani hata kwa dawa. Nilihitaji kiungo cha shaba cha kuwakutanisha, kilichokerezwa na mtu anayejua.

Mtu huyo yuko Mwanjelwa, Mbeya. Ni mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuja huku na biashara ya nguo kutoka pwani, na mashine yake ya kukereza vyuma ni ya zamani kuliko mimi. Niliingia na jiko begani, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti. Nikamweleza ninachotaka. Akalipindua jiko, akachungulia mdomo wake, akaniuliza swali ambalo wateja wangu hawajawahi kuulizwa na mimi: atakayelitumia ni nani?

Nikamwambia baba yangu, mzee, haoni. Akaliweka jiko chini.

Nilidhani ananikatalia, na hasira zikanipanda. Nikaanza kumweleza miaka yangu kwenye kazi. Aliniacha nikamaliza, kisha akasema yeye hakerezi kitu cha gesi kwa mtumiaji asiyemjua, na wa kumjulisha baba yangu alivyo ni mimi. Nifunge macho kwa kitenge changu, pale nje, niwashe jiko lolote la gesi mbele yake. Nikiweza, ataanza kazi siku hiyohiyo.

Mtu asinitanie kwenye majiko. Nilivua kitenge cha begani nikajifunga. Alinipa jiko la plate mbili alilokuwa nalo pale kwa ajili ya kupashia chai ya mafundi, na watu wa maduka ya jirani wakaja kutazama. Nikashika swichi, nikazungusha, gesi ikaanza kupumua. Mkono wa pili ukatafuta kibonyezo cha kuwashia. Nikakipata, nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena. Nilikuwa nimefungua plate ya kulia na nawasha ya kushoto. Nilipohamisha mkono gesi ilikuwa imeshajikusanya, na ilipowaka ilisema bup, ikanichoma malaika, vile vinyweleo vyote vya mkono. Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilibaki nimesimama na kitenge machoni, nanuka kama mbuzi anayebabuliwa, na kwa mara ya kwanza nilijua baba anaishi wapi.

Yule mzee hakucheka. Alinifungua kitenge, akasema sasa tunaweza kuanza kazi.

Ilichukua siku tatu, na siku zote tatu nilishinda pale. Jiko langu la kambi nalo lilikuwa na plate mbili; moja tuliiziba kabisa, isiwepo ya kuchanganya. Kwenye swichi alikwangua kwa tupa alama moja ya kina, ambayo jiko likiwa limezimwa inatazama tumbo la mpishi, na likiwa limewashwa inatazama kushoto, upande wa moyo. Kibonyezo tulikihamisha kikae chini ya dole gumba la mkono uleule. Kiungo cha shaba alikikereza mara mbili, kwa sababu cha kwanza kilipita kwa kulazimisha, na yeye alisema kitu cha gesi hakilazimishwi. Kila jioni nilijifunga kitenge na kujaribu. Siku ya tatu niliwasha na kuzima mara kumi bila kukosea, na wale waliocheka wakanipigia makofi. Nilipoaga, alinishika mkono, akasoma dua fupi juu ya jiko, akaniambia nimsalimie baba.

Nikapitia Uyole. Baba alikuwa ameshavaa koti na kofia, begi liko mapajani, tangu alfajiri.

Kalenga niliufunga mtungi nje. Gesi ikivuja hutambaa chini kama maji, na sikutaka itambae jikoni kwa mtu asiyeona. Nikajenga kijumba cha matofali ukutani, mtungi ukasimama wima ndani yake, nikaufunga mnyororo usianguke, na mpira ukapita ukutani ndani ya bomba mpaka mezani. Kutoka mlangoni mpaka kwenye koki ni hatua saba, mkono ukiwa ukutani. Baba alizihesabu mara moja tu.

Kumfundisha mwalimu ni kazi. Hakutaka kuelekezwa, alitaka kufundishwa, na hayo kwake ni mambo mawili tofauti. Alinilazimisha nimpe somo kwa hatua, akalikariri kwa sauti kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha: nusa, fungua koki, rudi, geuza alama moyoni, bonyeza. Kuzima: koki kwanza, moto ufe wenyewe, kisha swichi. Maji ya sabuni ya kupima uvujaji nilijua hayatamsaidia kwa kuwa hawezi kuona mapovu. Yeye akachovya vidole kwenye povu, akavizungusha kwenye kila kiungo na kuvituliza hapo. Nikalegeza nati moja kwa makusudi, kidogo sana. Akacheka. Alisema panamtekenya.

Asubuhi yake alichemsha chai. Nilikaa kwenye kigoda cha mama, nimejishika mdomo nisimwelekeze. Jiko likatoa mlio wake, vuu, mlio mmoja usioyumba, na akasema mlio huo ndio macho yake. Akaniletea kikombe kimejaa, tangawizi nyingi kupita kiasi, sukari hakuna. Nikanywa huku nalia na sikumficha. Akaniambia nikilia ndani ya kikombe itakuwa na chumvi.

Tukawekeana desturi. Baba ana kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, na kitufe cha tano kina kidoti cha kushika kwa kidole. Nikampangia namba yangu hapo. Kila siku akishakunywa chai na kuzima, ananibipu mara moja na kukata. Bipu maana yake koki imefungwa. Saa kumi na mbili na robo simu yangu inalia mara moja pale Mlandege, nami naendelea na shughuli zangu. Nilimwandikia kaka ujumbe kila Jumamosi kwamba hakuna lililoharibika, na sina budi kukiri kwamba niliuandika kwa majivuno.

Juni ikaingia na baridi yake. Siku niliyokwenda kumbadilishia mpira wa koki, baba aliniambia asubuhi moto unasinzia. Mlio ni mdogo, chai inachukua muda mrefu. Nilinyanyua mtungi, ulikuwa na gesi bado, ila imeshuka nusu. Jambo hilo kwa fundi ni dogo. Kukiwa na baridi kali gesi ndani ya mtungi inakuwa nzito kupanda, hasa mtungi ukishapungua, na mimi ndiye niliyeuweka nje kwenye ubaridi. Ilinipasa nikae chini nimweleze hivyo. Lakini gari la kunirudisha mjini lilikuwa linapiga honi barabarani, na mimi napenda neno tamu.

Nikamwambia, "Baridi imeilaza gesi, baba. Ikipata joto itaamka."

Akalirudia neno hilo, likampendeza. Nami likanipendeza. Nikapanda gari nikaondoka.

Wiki ya pili baada ya hapo kaka alikuja Iringa kwa mkutano wa kikazi, akalala kwangu. Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai, mimi nimejipanga simu ilie mbele yake ili asikie kwa masikio yake. Saa kumi na mbili na robo ikapita. Nikasema labda amelala kidogo, ni baridi. Kaka akaweka kikombe chini. Saa kumi na mbili na nusu nikapiga mimi, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Kaka akasimama akachukua funguo za gari.

Njia ya Kalenga naijua kila kona, lakini siku ile ilirefuka. Kaka alikuwa anaendesha huku ameuma meno. Kiti cha nyuma niliona blanketi jipya na mto, vimekunjwa vizuri, na nikaelewa kwamba alikuja navyo kutoka Mbeya. Alikuwa anaingoja siku hii. Nilimchukia kwa dakika kama tano, halafu nikamwonea huruma, halafu nikaanza kusali.

Tulimkuta amechuchumaa kwenye kijumba cha matofali. Mtungi ameuvika blanketi la mama, lile la mistari ya bluu, ameuzungushia vizuri kama mtoto mgonjwa. Na kando ya mtungi, shubiri moja haifiki, jiko la mkaa limewaka jekundu. Mikono ameinyoosha juu ya makaa, anaota moto, anangoja.

Sikumbuki nilitembeaje. Nilinyakua lile jiko la mkaa kwa mikono mitupu, nikalitupa mbali kwenye majani yenye umande, ndipo nikahisi viganja vinaungua. Nikauvua mtungi blanketi, nikaugusa. Ulikuwa umeanza kupata uvuguvugu upande mmoja. Nikafunga koki. Kisha nikakaa kwenye matope.

Baba alikuwa amesimama, amegeuza kichwa, anasikiliza. Alitutambua kwa nyayo. Akatuamkia kwa Kihehe, kamwene.

"Gesi ililala," akasema. "Nikaipa joto iamke, kama ulivyosema."

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kumwambia kaka kwamba hakuna mtu aliyeungua isipokuwa mimi. Lakini kosa lilikuwa langu tupu, nilimpa mwanafunzi nusu ya somo kwa sababu nilikuwa na haraka na neno zuri, naye akafanya kile ambacho kila mtu wa nchi hii ya baridi hufanya: kilichopoa unakisogeza motoni. Makaa yale yangekaa pale nusu saa nyingine tungezika mzazi wa pili. Nilimgeukia kaka. Alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa gari, amesimama, anatazama chini.

Nikasema kwa mdomo wangu, "Mchukue. Tulikubaliana." Nikamwambia baba kaka ana haki, ajiandae, nitamfungia begi.

Ilikuwa mara ya kwanza kwenye maisha yangu kusalimu amri mbele ya jiko. Najua ilivyo, na sipendi kuikumbuka.

Baba hakusogea. Alijipapasa mifukoni akatoa leso, akajifuta mikono kidole baada ya kidole, kama alivyokuwa akijifuta chaki. Kisha akageuka upande ambao kaka alikuwa amesimama.

"Darasa la nne, hesabu za kugawanya zilikushinda muhula mzima," akamwambia. "Nilikuhamisha shule? Nilikurudisha ubaoni."

Kaka ana miaka hamsini na tatu na ana vijana wa kazi wanaomwogopa. Nilimwona anaweka mikono nyuma kama mwanafunzi. Jogoo akawika nyumba ya jirani. Halafu nikasikia mlango wa gari unafungwa, polepole.

Aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda cha mama, akasema haya, ubaoni.

Nikafundisha somo zima, viganja vyangu vimepakwa asali na mjane wetu aliyekuja mbio aliposikia sauti. Nilieleza yote niliyoyaruka. Kwamba gesi iliyofungiwa ikipashwa moto inavimba, na mtungi hauna mahali pa kwenda isipokuwa kupasuka. Kwamba dawa ya baridi ni mtungi uliojaa, kwa hiyo miezi ya baridi tutaubadilisha ukifika nusu, tusingoje uishe. Kwamba nitaweka ubao chini yake usikalie saruji yenye barafu. Na asubuhi ambayo moto utasinzia kabisa, anywe chai ya kwenye chupa aliyojaza jioni, angoje jua. Baba aliuliza maswali makali. Alitaka kujua joto la jua ni halali na la makaa ni haramu kwa nini, na hakuniacha mpaka nikamjibu vizuri. Kisha akakariri, na mwisho akaongeza kipengele chake mwenyewe: gesi ikilala, na wewe lala.

Akarudi kwenye koki, hatua saba. Akanusa, akafungua, akarudi, akageuza alama moyoni, akabonyeza. Moto ukawa mdogo, lakini ukawaka. Chai ilichukua karibu saa nzima kuchemka, na kaka, mtu wa vikao, alikaa saa nzima pale kwenye kigoda magoti yamemfika kidevuni, bila kutazama simu. Alipopewa kikombe alikunywa chote. Akauliza kama sukari imeisha. Baba akamwambia sukari ipo, ila yeye na mama waliacha kuiweka mwaka ule madaktari walipowakataza, na hakuna aliyemruhusu kuanza tena.

Kaka akaondoka mchana. Blanketi jipya na mto alivishusha garini akaviweka kitandani kwa baba, na la mama akalikung'uta majivu akalirudisha kwenye sanduku lake. Kabla hajaingia kwenye gari aliomba ile simu ya baba. Nilimwona ameiinamia muda mrefu, anabonyeza vitufe, kisha anauchukua mkono wa baba na kumwekea kidole mahali, kama anamwonyesha mtoto herufi. Sikuuliza. Nilikuwa na viganja vilivyovimba na hasira zangu mwenyewe za kuuguza.

Kesho yake saa kumi na mbili na robo sikusikia kitu. Nikashika ukuta. Saa kumi na mbili na dakika kumi na sita simu ikalia mara moja, ikakata, na nikapumua. Kesho kutwa ikawa hivyohivyo, dakika moja imechelewa. Siku ya tatu nikampigia baba nikamuuliza kwa ukali anakawia wapi.

Akasema hakawii. Saa kumi na mbili na robo anabipu Mbeya kwanza, kwa sababu huyo ndiye mwanafunzi mzito, anahangaika asipoisikia. Mimi ni fundi, nitavumilia.

Basi ndivyo tulivyo mpaka leo. Mimi niliyelipata jiko, niliyeungua malaika Mwanjelwa na viganja Kalenga, kila asubuhi nasimama pale Mlandege na simu mkononi, nangoja zamu yangu.